Usianze na 384

Saa nne asubuhi jua la Juba limeshapanda. Kijana wa uzamili amevuka daraja kwa bodaboda na kuingia Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Nile, pale barabara ya Nimule inapoanza safari yake ya kilomita 192 kwenda mpaka wa Uganda. Begani ana mkoba wa hojaji. Anachunguza kaya za Gumbo zinatumia pesa kiasi gani kununua maji. Anapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza iliyomvutia. Anatoka binti wa miaka kama kumi na miwili, amembeba mdogo wake mgongoni. Mama yuko sokoni Konyokonyo tangu alfajiri. Baba ameondoka na lori. Kijana anashukuru, anahamia kwa jirani, ambako mzee ameketi chini ya mwembe. Mzee ana muda, ana ukarimu, na anajibu maswali yote. Jua linapozama, hojaji kumi na tano zimejaa.

Kijana yule nilikuwa mimi. Baada ya wiki nne nilikuwa na hojaji 384 kamili, nikampelekea msimamizi wangu nikitarajia pongezi. Aliufungua mkoba, akasoma hojaji mbili tatu, akaniuliza swali moja: "Yule mama aliyekuwa sokoni alikuwa na nafasi gani ya kuingia kwenye utafiti wako?" Sikuwa na jibu. Anayenunua maji katika nyumba ile ni mama. Anayejua jerikeni jana lilikuwa bei gani na leo bei gani ni mama. Na njia niliyoitumia ilikuwa imemfungia mlango kabla sijatoka kwangu.

Elimu yote ya kuteua sampuli imo ndani ya swali hilo. Kila mtu unayetaka kusema habari zake sharti awe na nafasi ya kuchaguliwa, nafasi hiyo isiwe sifuri, na wewe uweze kuitaja kwa namba. Fomula, majedwali na programu za kompyuta ni watumishi wa kanuni hiyo. Ninakuandikia wewe unayeanza uzamili au uzamivu, uwe Juba, Kampala, Nairobi, Dodoma au Bukavu, ili usipoteze wiki nne nilizopoteza mimi.

Namba 384 inatoka wapi

Fungua tasnifu kumi katika maktaba ya chuo chako, nenda moja kwa moja sura ya tatu. Haitakuchukua muda kukutana na 384, au fomula ya Taro Yamane ya mwaka 1967, au jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Kuzitumia si kosa. Kosa ni kuzitumia bila kujua zinadai nini.

Ifungue 384 uone kilichomo. Chukua 1.96, namba inayosimamia uhakika wa asilimia 95, uizidishe kwa yenyewe. Zidisha tena kwa 0.5 mara 0.5, yaani hali ngumu kuliko zote, ambapo nusu ya watu wanasema ndiyo na nusu hapana. Gawa kwa 0.05 mara 0.05, ukingo wa makosa unaoukubali. Unapata 384.16. Fomula ya Yamane nayo inakwenda karibu na hapo: watu 5,000 wanakupa sampuli ya 371, watu 50,000 wanakupa 397, watu 500,000 wanakupa 400. Tazama jambo lililotokea: idadi ya watu imekua mara mia, na sampuli imeongezeka kwa watu 29 tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayehangaika wiki nzima kutafuta idadi kamili ya wakazi ili "aiweke kwenye fomula" anahangaikia kisichobadilisha jibu.

Kinachobadilisha jibu ni sharti ambalo fomula hizi hazilitaji kwa sauti: kila mtu awe amechotwa kwa bahati nasibu, mmoja mmoja, kutoka orodha kamili. Aliyepiga hodi alipopapenda hajalitimiza sharti hilo. Kwake yeye, 384 haina ukingo wa makosa wa asilimia 5. Haina ukingo wowote unaoweza kuhesabika. Angehoji watu 4,000 angepata kosa lile lile, ila limeandikwa kwa wino mzito zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili na kutabiri kwamba Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limeegemea orodha za wenye simu na magari, tena katika miaka ya dhiki. Wingi wa majibu haukuiponya orodha iliyopinda.

Orodha kwanza

Ndiyo maana nakushauri uanze na orodha, na fomula ije baadaye. Orodha ya watu au nyumba ambamo sampuli itachotwa huitwa fremu. Jiulize: ninayo? Ni ya lini? Nani hayumo?

Anayesoma Tanzania ana bahati ambayo huenda hajaitambua. Sensa ya Agosti 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 kwa vishikwambi, na nchi nzima ilikuwa imegawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu yenye mipaka inayojulikana. Utafiti unaofuata baada ya sensa kama hiyo una ngazi ya kukanyagia. Sudan Kusini hali ni nyingine. Sensa ya mwisho ilifanyika Aprili 2008, kabla ya uhuru, na iliipa Sudan ya kusini watu 8,260,490, hesabu ambayo viongozi wa kusini wenyewe waliikataa. Tangu bendera mpya ipande tarehe 9 Julai 2011, sensa nyingine haijafanyika. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2023, ya watu milioni 12.4 kwa mwaka 2021, yalipatikana kwa kuunganisha utafiti wa nyumba kwa nyumba na picha za setilaiti.

Sasa shuka kutoka nchi hadi Gumbo. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 walirudi watu waliokuwa Uganda, Kenya na Khartoum. Vita vilipolipuka Desemba 2013, familia zilizokimbia zilipokelewa kwenye viwanja vya Wasalesiani wa Don Bosco. Wafanyabiashara wa Uganda na Kenya waliifuata barabara ya lami. Mwaka 2022 Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa. Eneo linaloishi hivyo haliwezi kuhesabiwa kwa karatasi ya miaka iliyopita. Hata orodha ya mwaka jana imeshazeeka.

Usikate tamaa kwa hilo, wala usikimbilie kuandika kwamba "kwa kukosa orodha, mtafiti alichagua waliopatikana". Pasipo orodha ya watu, ipo ardhi, na ardhi haihami. Pata picha ya setilaiti ya eneo lako. Ramani za OpenStreetMap ni za bure, data ya majengo ya Afrika ambayo Google imeiweka wazi nayo ni ya bure, na WorldPop wanatoa makadirio ya watu kwa vipande vidogo vya ardhi. Ligawe eneo lako katika vitalu kwa kufuata mipaka ambayo mguu utaitambua: barabara, njia ya miguu, ukuta wa shule, au khor, kama wakazi wa Juba wanavyoviita vijito vya msimu. Mpaka uliochorwa kwa rula katikati ya nyumba za watu utakuletea ugomvi siku ya kwanza.

Na kabla ya kugusa kitalu chochote, nenda kwa chifu wa boma. Msomaji wa Tanzania asichanganyikiwe: Sudan Kusini boma ni ngazi ya chini ya utawala, juu yake ikiwa payam, kisha kaunti. Nenda na barua ya chuo, ukae, ueleze, uulizwe. Chifu atakusaidia hata kukusahihishia ramani. Atakuambia kwamba mabati yale unayoyaona kwenye picha ni maghala, na kwamba nyuma ya soko watu wamehamia baada ya picha kupigwa.

Tembea, hesabu, chagua

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo wengi tunapoanguka. Tuseme Gumbo yako umeigawa vitalu 60. Unachagua 20 kwa bahati nasibu: namba zitoke kwenye kompyuta au karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia, si kwa kutazama ni vipi viko karibu na lami. Nafasi ya kila kitalu ni 20 kati ya 60, yaani thuluthi moja.

Unafika kitalu cha kwanza. Usihoji mtu. Siku hiyo kazi yako ni kutembea na daftari, kuzunguka kitalu kwa mpango, mkono wa kulia siku zote, ukiipa kila nyumba namba. Tuseme umepata nyumba 90 na unataka 10. Gawa 90 kwa 10, hatua yako ni 9. Chagua kwa bahati nasibu namba moja kati ya 1 na 9. Tuseme imetoka 4. Basi nyumba zako ni ya 4, 13, 22, 31, 40, 49, 58, 67, 76 na 85. Hizo tu. Nyumba ya 32 ina mwembe mzuri na mzee mkarimu, lakini haimo.

Sasa unaweza kujibu swali la msimamizi wangu. Nafasi ya nyumba ya 31 ni thuluthi moja mara tusui moja, yaani moja kati ya 27. Kwa hiyo nyumba hiyo inasimama badala ya nyumba 27 za Gumbo. 27 ndiyo uzito wake. Kitalu kingine kina nyumba 45 tu na umechukua vile vile 10: uzito wa kila nyumba huko ni 13.5. Ukichanganya majibu ya vitalu hivi viwili bila kutumia uzito, nyumba za kitalu kidogo zitasikika mara mbili ya haki yao. Andika uzito wa kila hojaji siku ile ile unapoiteua. Ukingoja mpaka siku ya uchambuzi, utakuwa umesahau kitalu kipi kilikuwa na nyumba ngapi, na hakuna programu itakayokukumbusha.

Utasikia juu ya njia za mkato. Moja ni kusimama katikati ya mtaa, kuzungusha chupa au kalamu chini, na kufuata upande inaoelekea. Njia ya aina hiyo ilienea kupitia tafiti za chanjo za Shirika la Afya Duniani, zilizochukua vishada 30, yaani vikundi vya nyumba jirani, na watoto saba kila kishada. Ilikusudiwa kutoa jibu la haraka kuhusu chanjo. Udhaifu wake ni kwamba nyumba za katikati hupata nafasi kubwa kuliko za pembezoni, na huwezi kusema ni kubwa kiasi gani. Katika mtaa kama Gumbo, pembezoni ndiko wanakoishi waliofika jana. Ukiwapunguza hao umepunguza habari yenyewe.

Ukijua tangu mwanzo kwamba eneo lako lina sehemu zisizofanana, ligawe matabaka kabla ya kuchagua: vitalu vya kando ya lami na sokoni, vitalu vya ndani, na makazi ya waliokimbia vita. Chagua ndani ya kila tabaka. Jerzy Neyman alikwisha kuonyesha mwaka 1934 kwamba inafaa kuchukua wengi zaidi pale ambapo watu wanatofautiana zaidi. Ilimradi uzito umeandikwa, hakuna anayeonewa.

Ndani ya nyumba, nani ajibu?

Umefika nyumba ya 31. Ukimhoji aliyekuwepo, umerudi kwenye kosa langu. Anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi ni mzee, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga au kijana asiye na kazi. Mchuuzi wa Konyokonyo, dereva na fundi hawapo.

Aliyetupatia dawa ni Leslie Kish, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1949 alichapisha jedwali dogo la kumteua mhojiwa ndani ya nyumba: orodhesha watu wazima wote kwa mpangilio maalumu, kisha jedwali lililopangwa kabla likuambie ni yupi. Leo kishikwambi kinafanya kazi hiyo kwa sekunde moja, lakini lazima wewe ukielekeze. Kama nyumba ina watu wazima wanne, nafasi ya kila mmoja inashuka hadi moja kati ya 108, na uzito wake unakuwa 108. Unapouliza habari za kaya nzima, kama pesa za maji, tafuta anayezijua hizo pesa. Unapouliza maoni ya mtu, tumia jedwali.

Aliyeteuliwa asipokuwepo, rudi. Weka sheria kabla ya kuanza: safari tatu, kwa siku tofauti na saa tofauti, mojawapo iwe Jumapili mchana baada ya ibada. Jioni usipitilize; watu wa Juba hawapendi kufungua lango giza likiingia, na wana sababu. Kila safari iandikwe: amepatikana, hayupo, amekataa, nyumba imehamwa. Ukurasa huo ndio utakaokuwezesha kusema ni asilimia ngapi walikosekana na kwa nini. Mtahini mzuri atauomba kabla ya kuuliza lolote juu ya matokeo.

Majirani hufanana

Kuna jambo ambalo 384 haikukuambia. Watu wa kitalu kimoja wanafanana. Walifika pamoja, wanasema lugha moja, wanangoja boza lile lile la maji. Ukimhoji mmoja umeshajua nusu ya atakayosema jirani. Kwa hiyo watu 400 waliochotwa kwa vitalu hawana habari sawa na watu 400 waliochotwa mmoja mmoja kutoka mji mzima.

Kish alitupa kipimo cha hasara hiyo: moja, jumlisha idadi ya wahojiwa wa kitalu ukitoa mmoja, mara kiwango cha kufanana. Tuseme kufanana ni 0.1. Ukichukua vitalu 20 na watu 20 kila kimoja, unapata 2.9. Gawa 400 kwa 2.9: watu wako 400 wana nguvu ya watu 138, na ukingo wako wa makosa ni kama pointi 8.3, si 5. Ukichukua watu wale wale 400 kwa vitalu 40, kumi kila kimoja, hasara ni 1.9 na nguvu yako ni ya watu kama 210. Nauli imeongezeka, hojaji ni zile zile. Somo lake ni fupi: ukiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja, ongeza vitalu.

Swali linalofika

Sampuli safi yenye maswali mabaya ni ndoo nzima iliyoteka maji machafu. Gumbo wanasema Kibari, Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kiingereza na lugha nyingine nyingi. Kiswahili utakisikia kwa wafanyabiashara, madereva na waliokulia kambi ya Kakuma au kambi za Uganda. Ukiajiri wadadisi wa Kiswahili peke yake kwa sababu ndiyo lugha yako, umewafungia tena watu mlango. Tafsiri hojaji, kisha mtu mwingine asiyeijua hojaji ya kwanza aitafsiri kurudi ulikoanzia. Palipotofautiana, kaeni pamoja.

Chukua neno moja uone. Katika Kiarabu cha Juba "bet" ni nyumba. Uliza "bet" yako ina watu wangapi, na mmoja atahesabu waliomo ndani ya chumba kimoja, mwingine uzio mzima wenye ndugu wa koo moja, mwingine atamjumlisha mwana aliye Kampala. Eleza kaya kwa jambo linaloonekana: wanaokula chungu kimoja na waliolala hapa usiku wa kuamkia leo, au muda wowote ulioamua. Ukishaamua, usibadilishe katikati.

Uliza kwa vipimo vya watu wenyewe. Nafaka sokoni hupimwa kwa malwa, maji kwa jerikeni na pipa. Nunua malwa moja, ipime kwenye mizani, uandike; ubadilishaji kuwa kilo ni kazi yako, usimbebeshe mhojiwa. Na pale ambapo pauni inapoteza thamani, "ulitumia pesa ngapi mwezi uliopita" ni swali linaloyeyuka. Uliza ni majerikeni mangapi jana, na bei ya jana.

Usichoshe watu. Benki ya Dunia na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Sudan Kusini zilipofanya utafiti wa mara kwa mara wa maisha ya kaya kati ya 2015 na 2017, tena huku vita vya Julai 2016 vikiwakuta katikati ya kazi, zilitumia njia iliyokwisha jaribiwa Mogadishu. Orodha ndefu ya vyakula na bidhaa iligawanywa: zile za msingi ziliulizwa kwa kila kaya, zilizobaki ziligawiwa kwa bahati nasibu katika mafungu, kila kaya ikapata fungu moja, na hesabu ikaunganisha baadaye. Shabaha ilikuwa kumaliza mahojiano ndani ya dakika 60. Mahali ambapo mtu hawezi kukaa nawe kwa saa tatu kwa usalama, ufupi ni sehemu ya ukweli wa data.

Mwisho wa jambo hili, jibu swali utakaloulizwa wewe: "Mnaandikisha kwa ajili ya msaada?" Mtaa uliozoea kadi za chakula utakupa kaya zilizonenepa ukinyamaza. Sema mapema, kwa lugha ya mhojiwa, kwamba huna msaada, huna kadi, na kwamba anaweza kukataa bila kudhurika. Jaribu hojaji kwa nyumba kumi au kumi na tano zilizo nje ya vitalu vyako, aibu uzimalizie huko.

Orodha ni amana

Uliyoyakusanya yanaweza kuumiza. Katika nchi ambako watu wamewahi kutafutwa kwa kabila zao, daftari lenye jina, kabila na mahali pa nyumba ni silaha. Usiandike kabila kama hulihitaji. Tenganisha majina na majibu siku ile ile. Alama za setilaiti za nyumba zitumie kurudia safari, kisha zifute au uzipunguze usahihi kabla ya kumpa mtu data. Tanzania utapitia COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda baraza lao la sayansi na teknolojia. Juba utaanza na kamati ya maadili ya chuo na mamlaka za eneo. Vibali hivyo ni lazima, lakini havitakulindia daftari usiku. Wewe ndiwe mlinzi.

Ratiba ya kujifundisha

Wingi wa vitabu usikutishe. Anza na *Survey Methodology* ya Robert Groves na wenzake, iliyotoka mwaka 2004, kwa sababu inakufundisha kuona kosa linaweza kuingia wapi, kuanzia fremu hadi mdomo wa mhojiwa. Kisha Sharon Lohr kwa hesabu zenye mazoezi. Kish wa mwaka 1965 ni wa kurudi kwake kila mara. Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2005 kitabu kinene cha tafiti za kaya katika nchi zinazoendelea, kinapatikana bure, na kinazungumza na hali zetu. Vyuo vya Michigan na Maryland vina kozi za mtandaoni za kutunga hojaji na kuteua sampuli.

Karibu na nyumbani kuna Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1961, na Makerere, ambako taasisi ya takwimu ilizaliwa mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Juba, cha mwaka 1975, kimejaa wanafunzi wanaoijua ardhi hii kuliko kitabu chochote. Unda nao kikundi cha watu wanne.

Mwezi wa kwanza someni uwezekano na kurudia hesabu zilizomo humu kwa mkono. Mwezi wa pili orodhesheni kitalu kimoja cha mtaa wenu kwa miguu, nyumba zote, mkiandika kila nyumba ina watu wangapi na kama ina mtu mzima saa nne asubuhi. Mwezi wa tatu iingizeni orodha hiyo kwenye programu ya R, mchote nyumba kumi mara elfu moja, mtazame wastani wa watu kwa nyumba unavyocheza kuzunguka ukweli. Kisha choteni tena mara elfu moja, lakini kutoka nyumba zilizokuwa na mtu mzima saa nne asubuhi tu. Mtaona kwa macho yenu namba zikikusanyika vizuri, kwa utulivu, mahali pasipo sahihi. Baada ya kuona hivyo hamtahitaji kuhimizwa. Mwezi wa nne jengeni hojaji kwenye KoboToolbox au Survey Solutions, zote za bure, na mjifunze kuiambia R au Stata kuhusu vitalu, matabaka na uzito kabla ya kuomba wastani wowote.

Msimamizi wangu alinirudisha ng'ambo ya daraja nianze upya. Nilitembea kitalu baada ya kitalu na daftari la mistari, na katika kimoja chao nyumba ya yule binti ikaangukia namba 31. Ikachaguliwa. Safari ya kwanza, Jumanne asubuhi, alikuwepo binti. Ya pili, Alhamisi saa kumi, mama alikuwa hajarudi. Ya tatu ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Mama alikuwa anafua uani, akajifuta mikono, akaketi, akaanza kunitajia bei ya jerikeni ya kila mwezi tangu mvua zilipokatika, bila kukwama hata mara moja.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mstari wake unasomeka hivi: nyumba 31, safari ya tatu, amepatikana.